Maswali na Majibu: Mfumo wa Kliniki Unapokataa Jina la Mgonjwa

Swali: Kumsajili Juma hakuna shida, lakini jina la Ng'ang'a mfumo unalikataa. Kwa nini?

Jibu: Ni ritifaa, yaani alama ya ('). Programu yenu inabandika jina ndani ya amri inayokwenda kwenye hifadhidata, na katika SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, alama hiyo hufunga maandishi. Seva inasoma "Ng" kama jina zima, kinachobaki haikielewi. Tafadhali msiandike "Nganga" ili foleni isogee. Akirudi na kutafutwa kwa jina lake halisi hataonekana, atafunguliwa faili jipya, na taarifa ya mzio wake wa penisilini itabaki kwenye lile la zamani. Anaweza kuchomwa sindano ya kumuua.

Swali: Tufanyeje?

Jibu: Mtengenezaji atumie amri zilizoandaliwa. Amri inatangulia ikiwa na nafasi tupu, jina linafuata kando, na seva hulichukua kama jina tu. Hata mwenye kuingiza vipande vya SQL ili aibe majibu ya vipimo hafui dafu.

Swali: Ametumia. Sasa asubuhi wagonjwa wakijaa, tunaambiwa amri "S_1" haipo. Tukijaribu wenyewe jioni, kimya.

Jibu: Kama hifadhidata yenu ni PostgreSQL, ulizeni kama katikati kuna PgBouncer, programu inayowagawia watumiaji wengi miunganisho michache ya seva. Draiva ya JDBC, inayounganisha programu ya Java na hifadhidata, kwa kawaida ikiona amri imetumika mara 5 huiandaa kwenye seva na kuipa jina, na jina hilo linajulikana ndani ya muunganisho mmoja tu. PgBouncer inayogawa miunganisho kwa kila muamala (kundi la amri zinazokamilika pamoja) inaweza kuwapeleka kwenye muunganisho mwingine, ambako S_1 haijawahi kuandaliwa. Jioni mtumiaji ni mmoja, ndiyo maana hamuoni kitu.

Toleo 1.21 la PgBouncer la mwaka 2023 na yaliyofuata yanalimudu hili, mradi mpangilio wake wa max_prepared_statements usiwe sifuri. Kwa toleo la zamani zaidi, wekeni prepareThreshold=0 upande wa draiva: amri haitapewa jina, lakini data itaendelea kusafiri kando.

Mkishauriwa kuweka preferQueryMode=simple, kataeni. Hapo draiva inarudia kubandika data ndani ya amri, na mwaka 2024 njia hiyo ilikutwa na tundu la usalama, CVE-2024-1597, lililozibwa katika toleo 42.7.2 la draiva.

Swali: Wakati tunasubiri fundi?

Jibu: Rejista ya karatasi. Andikeni jina kamili, pamoja na ritifaa, na kila mgonjwa aulizwe mzio wake upya kabla ya dawa.