Korona kwa watoto: si UVIKO-19 peke yake

Tangu 2020, ukitaja korona watu wanafikiria UVIKO-19. Lakini korona ni ukoo wa virusi, na vinne kati yake vilikuwa vikizunguka miongoni mwetu kabla ya hapo: 229E, OC43, NL63 na HKU1. Mtoto wa chekechea huenda ameshapata zaidi ya kimoja, na nyumbani mkasema ana mafua. Wala hamkukosea.

NL63 kilitambuliwa Uholanzi mwaka 2004, kwa mtoto wa miezi 7. Hiki ndicho kinachohusishwa na kile kikohozi kinachosikika kama mbwa anabweka, ambacho hupenda kuanza usiku. Njia ya hewa chini ya zoloto la mtoto ni nyembamba mno. Uvimbe wa milimita moja tu, ambao mtu mzima angeona ni koo kuwasha, unaiziba sehemu kubwa. Sauti inakauka, na akivuta pumzi unasikia mkwaruzo. Akilia ndiyo unazidi, kwa hiyo kumbembeleza ni sehemu ya matibabu.

UVIKO-19 nao huwapitia watoto wengi kwa wepesi: homa, kikohozi, pengine kuhara. Wanaolemewa zaidi ni wachanga na wenye maradhi mengine, kama ya moyo. Wachache sana, wiki 2 hadi 6 baadaye, hupata homa kali, macho mekundu, vipele na maumivu ya tumbo, na moyo unaweza kuathirika. Madaktari wa Uingereza walitoa tahadhari kuhusu hali hii Aprili 2020. Inawapiga chenga wazazi kwa sababu yale mafua yameshasahaulika.

Mtoto akikohoa, mhesabie pumzi. Asubiriwe atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mfunue kifua, uhesabu dakika nzima kinavyopanda. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Zikifika hapo, apelekwe kituo cha afya. Kifua kikibonyea chini ya mbavu, akikoroma kwa mkwaruzo hata akiwa ametulia, akishindwa kunyonya au midomo ikiwa ya bluu, ni hospitali usiku huohuo. Na ile antibiotiki iliyobaki kabatini iacheni, haiui virusi.