Siyo Lazima Uwe Kiranja: Yanayosemwa Mwanza Kuhusu Ufadhili wa Vijana Viongozi

"Sikuwahi kuwa kiranja, madamu, kwa hiyo hizi skolashipu za uongozi hazinihusu."

Jumamosi iliyopita nimeambiwa hivyo tena. Safari hii ni kijana aliyepanda daladala kutoka Buhongwa kuja kuniuliza kama upo ufadhili "wa kawaida", usiotaka mambo ya uongozi. Kabla yake alikuwa binti wa Sengerema. Kabla ya huyo, mapacha wa Igoma waliosoma pamoja mpaka kidato cha sita na kukata tamaa pamoja. Kazi yangu ni kuwaandaa vijana kwa maombi ya ufadhili wa masomo, na nimeifanya kwa miaka mingi. Hakuna kauli inayoniumiza kama hiyo, maana mara nyingi anayeitoa ndiye hasa anayetafutwa.

Najua inakotoka. Shuleni kwetu uongozi ni cheo. Dada mkuu anasimama mbele ya mstari asubuhi, kaka mkuu anaandika majina ya wapiga kelele, kiranja wa taaluma anabeba madaftari ya wenzake kupeleka ofisini. Mtoto akiyaona hayo miaka sita mfululizo anaamini kwamba uongozi ni kitu unachopewa na mwalimu. Siku akikuta fomu inamuuliza ameongoza nini, anatafuta kichwani cheo alichowahi kuwa nacho. Hakioni. Anafunga fomu.

Sasa tutazame wenye fedha wanataka nini. Mpango wa ufadhili wa Mastercard Foundation, ulioanza mwaka 2012 na ambao Makerere, hapo ng'ambo ya ziwa, ni mmoja wa vyuo vilivyoshirikiana nao, hutafuta kijana mwenye uwezo darasani, asiye na uwezo wa kujilipia, na ambaye tayari ameonyesha kwa vitendo kwamba anajali watu wa kwao. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza wa kusomea uzamili uliokuwepo tangu 1983, hutaka uandike insha kuhusu uongozi na ushawishi, ukitoa mfano wa jambo ulilolifanya. Neno ushawishi halikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Kiranja hana haja ya kumshawishi mtu. Wanafunzi wanamtii kwa sababu nyuma yake yupo mwalimu. Asiye na cheo ndiye anayelazimika kumweleza mtu mpaka akubali. Kwa hiyo usiseme hukuwa na cheo kana kwamba unakiri kosa.

Nitaeleza habari ya binti mmoja wa Igombe, na nimemwomba ruhusa.

Alikuja kwangu akiwa amemaliza kidato cha sita, mkononi ana insha kurasa mbili. Ilianza hivi: "Mimi ni kijana mwenye maono, mchapakazi na mwenye kiu ya kuleta mabadiliko chanya katika jamii." Niliisoma yote nikatafuta mtu ndani yake, sikumwona. Nikaiweka pembeni nikamuuliza jioni huwa anafanya nini. "Sifanyi kitu, madamu. Nakaa tu na watoto." Watoto wa nani? Wa majirani. Mnakaa mkifanya nini? "Hesabu."

Jumamosi iliyofuata nikamwambia aje na chochote wanachotumia kwenye hizo hesabu. Akaja na kaunta buku, jalada limeng'oka upande mmoja, na katikati ya kurasa kulikuwa na magamba ya dagaa yaliyokauka. Ilikuwa orodha ya mahudhurio. Majina ya watoto kushoto, tarehe juu, alama ya vema kwa aliyekuja. Lakini juu ya kila tarehe alikuwa amechora kiduara. Vingine vyeupe, vingine amevipaka wino vyote.

Nikamuuliza hivyo viduara ni nini.

"Cheusi ni giza. Cheupe ni mbalamwezi."

Mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hahitaji maelezo zaidi. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa haiwavuti tena, mitumbwi inapumzika ufukweni. Kipindi cha giza alfajiri mitumbwi inatia nanga imejaa, akina mama wananunua, dagaa wanaanikwa, na watoto ndio wanaowageuza na kufukuza ndege mpaka jua lizame. Kwenye kaunta buku ile, chini ya viduara vyeusi mistari ilikuwa mitupu. Chini ya vyeupe, vema tupu. Binti wa miaka 19, bila kutumwa na mtu, alikuwa amegundua kwamba utoro wa watoto wa mtaani kwake si uvivu wala utukutu. Unafuata kalenda ya uvuvi.

Hakuishia kugundua. Alikwenda shule ya msingi ya jirani akaomba kuona mahudhurio, akakuta hali ni hiyo hiyo. Akawafuata akina mama. Mara ya kwanza walimfukuza, wakamwambia asiyezaa asiwafundishe kulea. Mara ya pili alikwenda na daftari, akamwonyesha kila mama mstari wa mtoto wake. Mara ya tatu mama yake mwenyewe ndiye aliyesimama kusema. Wakakubaliana wawe na zamu: watoto wa nyumba mbili wageuze dagaa wa nyumba sita, kwa kupokezana, ili kusiwe na mtoto anayekosa shule zaidi ya siku mbili kwa wiki wakati wa giza. Kwa wenye mitumbwi alijaribu pia, wakamkatalia, na hilo nalo limo kwenye daftari.

Nisome tena ile insha yake ya kwanza? Hakukuwa na neno "dagaa" hata moja. Hakukuwa na mama hata mmoja. Alidhani wazungu watamcheka.

Mwaka ule aliitwa kwenye usaili, hakuchaguliwa. Mwaka uliofuata aliomba tena, akachaguliwa. Aliniambia kwamba safari ya pili walimkazia swali moja: ukiondoka, daftari anashika nani? Akawatajia mdogo wake na mama mmoja wa zamu ya Jumatano, na akaeleza jinsi alivyowafundisha kujaza. Kila kijana anayekuja kwangu sasa namuuliza swali hilo hilo, pamoja na mengine. Kulikuwa na shida gani, wewe ulifanya nini kwa mikono yako, nani alikataa na ulimgeuzaje, na usipokuwepo jambo linaendelea au linakufa. Ukiweza kujibu hayo kwa majina ya watu na mahali, una insha, hata kama hukuwahi kuvaa beji.

Ndugu wa dhana hii ya cheo ni ile ya kuanzisha asasi. Kijana akishindwa kukumbuka cheo, anaamua kujitengenezea: anasajili shirika, anajiita mwanzilishi na mkurugenzi, anachonga mhuri. Nimemwona mwenye mhuri, bango na fulana za watu 20, nikamuuliza ni nani mtaani kwake maisha yake yamekuwa tofauti kwa sababu ya shirika hilo, akanyamaza. Wasomaji wa maombi wanasoma mamia ya "waanzilishi" kila mwaka, neno lenyewe halina uzito tena. Na kuna gharama ambayo vijana hawaambiwi. Shirika likishasajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, linadaiwa ripoti na ada kila mwaka. Umri wa miaka 20 unajitwika deni la karatasi ili upate sentensi moja kwenye fomu. Kama kazi yenu imekua mpaka inahitaji akaunti ya benki, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata akuelekeze namna ya kutambuliwa kama kikundi. Kama haijakua, fanya kazi.

Vivyo hivyo vyeti vya semina. Yule wa Buhongwa alikuwa navyo kumi na vinne, vyote amevitia laminesheni. Cheti cha ushiriki kinasema ulikaa kwenye kiti. Picha yenu mmevaa glavu mkisafisha Mto Mirongo asubuhi moja nayo ni njema, mto ule unahitaji kila mkono, lakini mvua ikinyesha taka zinarudi. Aliyeniridhisha ni yule aliyepanda juu mtoni kutafuta taka zinatupwa wapi, akaenda kuongea na watu wa nyumba zile.

Barua ya mapendekezo. Vijana wanahangaika miezi kutafuta saini ya mkuu wa wilaya au mbunge, mtu ambaye hajawahi kuwaona. Barua ya namna hiyo huwa na mistari minne na mhuri mkubwa, na msomaji anaijua mara moja. Mwombe aliyekuona ukifanya: mwalimu wa shule ya msingi, mwenyekiti wa mtaa, katibu wa kikundi cha akina mama. Hajui Kiingereza? Aandike Kiswahili, itafsiriwe kwa uaminifu, uambatanishe zote mbili. Mimi naipenda zaidi barua ya mwenyekiti wa mtaa inayosema "huyu alikuja kwangu mara tano kuhusu bomba la maji" kuliko sifa kumi za mheshimiwa.

Kuhusu "lazima uwe na mtu ndani", na yule anayekuahidi nafasi ukimpa laki tatu: kuomba Chevening ni bure. Anayetaka fedha ili jina lako "lipenyezwe" ni mwizi, mripoti. Nimeona mzazi ameuza ng'ombe kwa ajili ya hili. Sitaki kuona tena.

Wapo pia wanaochanganya ufadhili. Samia Skolashipu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, unakwenda kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita. Huo ni wa alama. Usipoteze usiku kuwaandikia habari za klabu yako. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ni jambo jingine, na unaangalia uhitaji. Na kwa upande wa pili, usidanganyike kwamba moyo mwema unafuta matokeo mabaya: karibu ufadhili wote wa uongozi unataka uwe umekubaliwa na chuo au uwe na sifa za kukubaliwa.

Tuzo nazo si lazima ziwe fedha. Diana Award, iliyoanzishwa 1999 kumkumbuka Princess Diana, ni ya vijana wa miaka 9 hadi 25. Hujipendekezi mwenyewe, hupendekezwa na mtu mzima anayeijua kazi yako, na haiji na hela ya ada. Inakupa heshima na mtandao wa watu. Ipokee kwa hicho ilicho. Anzisha Prize ni ya wajasiriamali wa miaka 15 hadi 22 wanaoendesha biashara zao wenyewe. Kama biashara ni ya mjomba, siyo yako.

"Nina miaka 32, nimeshachelewa." Hapana. Chevening haina ukomo wa umri juu. Inachodai ni shahada ya kwanza na saa 2,800 za kazi, sawa na kama miaka miwili, na kazi ya kujitolea inahesabiwa. Ndiyo maana nawasihi vijana waandike saa zao tangu mapema. Aliyejitolea miaka mitatu bila kuandika popote anakuja kwangu kukisia, na makisio yanaonekana. Ukimaliza masomo, Chevening inakutaka urudi nyumbani angalau miaka miwili, kwa hiyo anayeuliza kwanza atabakije huko, huu si wake.

Neno moja kuhusu insha zenyewe. Siku hizi nyingi zinaandikwa na akili mnemba, na ninapozipanga mezani siwezi kujua ipi ya Misungwi na ipi ya Ukerewe. Zote zina "shauku" na "mabadiliko endelevu". Andika kwanza kwa Kiswahili, au Kisukuma kama ndicho unachowazia, jinsi ungemsimulia bibi yako jioni. Bibi hatakuuliza maono yako. Atakuuliza kulitokea nini, na yule mama alijibuje. Ukishajibu hayo, tafsiri. Kiingereza cha kawaida kinatosha kabisa.

Dirisha la Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa mapema Oktoba. Mengine yana tarehe zake, tutazitazama pamoja. Anayekuja Jumamosi aviache vyeti nyumbani. Njoo na daftari. Kama huna, nunua leo ukipita dukani, na usiku andika tarehe, nani alikuja, nani hakuja, na sababu waliyokupa.