Je, wajua? Mimba mara nyingi hutuliza vidonda vya tumbo

Mjamzito akishika kifua baada ya kula wali maharage pale Mwanjelwa, Mbeya, na kusema "vidonda vimeamka", zamani ningemuunga mkono. Ningeongeza na ushauri: acha pilipili, usikae na njaa, mimba inachokoza vidonda. Karibu yote hayo nilikuwa nimeyakosea.

Pilipili huwasha kidonda kilichopo, haikichimbi. Njaa nayo huuma tu. Wachimbaji wakubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni. Bakteria huyo ndiye aliyewapatia Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, baada ya Marshall kumnywa makusudi mwaka 1984 ili wabishi wanyamaze. (Alipata uvimbe wa ukuta wa tumbo, si kidonda. Wasimuliaji hupenda kulisahau hilo.)

Mimba ikiingia, wenye vidonda wengi hupata nafuu. Inadhaniwa kuwa homoni huongeza ute unaolinda ukuta wa tumbo, na mama mwenyewe huacha dawa za maumivu na sigara. Ushahidi ni mwembamba, maana wajawazito hawaingizwi kamera ya tumbo bila sababu nzito.

Basi kinachowaka ni nini? Mara nyingi ni kiungulia. Chukua dumu la mtindi linalosafirishwa kutoka Tukuyu kwenda Mbeya mjini. Mfuniko ukikaza, hata gari likiruka matuta hakuna kinachomwagika. Projesteroni, homoni ya mimba, hulegeza misuli ili mji wa mimba usibane mapema. Bahati mbaya, haichagui: hulegeza na mfuniko ulio kati ya tumbo na umio, njia ya chakula kutoka kooni. Kisha mtoto anakua, sawa na abiria aliyeweka gunia la viazi juu ya dumu. Mtindi, yaani asidi ya tumbo, unapanda. Dumu halijatoboka popote.

Na ile imani kwamba kiungulia ni nywele za mtoto? Niliicheka, hadi nilipojua kuwa mwaka 2006 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waliwafuatilia wajawazito 64, na waliosumbuliwa zaidi na kiungulia wakazaa watoto wenye nywele nyingi zaidi. Ni utafiti mmoja, tena mdogo. Nywele hazimchomi mtu. Huenda homoni zilezile hufanya kazi zote mbili.

Matibabu huanza kwa kula kidogo kidogo na kutolala mara baada ya kula. Zikihitajika, kuna dawa za kupoza asidi zenye magnesi au alumini, na daktari anaweza kuandika omeprazo. Kumuua bakteria kwa kawaida husubiri mama ajifungue, isipokuwa kidonda kikileta hatari. Choo cheusi kinachonata kama lami ni cha kuwahiwa hospitali siku hiyohiyo, ingawa vidonge vya madini ya chuma vya kliniki navyo hutia choo weusi.

Ila kuna dawa moja ya vidonda ambayo mjamzito hapaswi kuimeza kwa ajili ya tumbo: misoprosto. Ilitengenezwa kulinda tumbo, ikagundulika inakaza mji wa mimba kiasi cha kuharibu mimba. Leo utaikuta leba, ikizuia damu isimwagike baada ya mama kujifungua.