Nyumba Iliyododa: Makaratasi, Bei na Hesabu ya Kusubiri

Nyumba ya kuishi jijini Dar es Salaam inaweza kukaa sokoni mwaka mzima, wakaja watu kuitazama kila wiki, na asipatikane hata mmoja wa kuweka fedha mezani. Ni kweli kwamba wanunuzi ni wachache. Watu wengi hununua kiwanja na kujenga kidogo kidogo, na mikopo ya nyumba bado inawafikia wachache, hivyo anayetaka nyumba iliyokamilika analazimika kuwa na fedha nyingi kwa mkupuo. Lakini katika soko hilo hilo zipo nyumba zinazouzwa. Mwenye fedha anachagua, na nyumba anayoiacha mapema kuliko zote ni ile yenye swali lisilo na jibu.

Swali la kwanza huwa ni la umiliki. Ukipita mitaa mingi ya jiji utaona kuta zilizoandikwa kwa rangi, "Nyumba hii haiuzwi". Wenye nyumba wameandika hivyo kwa sababu watu wameuziwa mali na wasio wamiliki, na kila mnunuzi analijua hilo. Atafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ufanye wewe kwanza. Upekuzi utaonyesha jina la mmiliki, muda wa hati (miaka 33, 66 au 99) na uliobaki, rehani ya benki, na zuio ambalo pengine hukujua kuwa liliwekwa. Lipa malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi kabla ya kutangaza nyumba, kwa sababu deni hilo husimamisha uhamisho wakati mnunuzi tayari amekaa kwenye kiti. Jina la kwenye hati likitofautiana na la kitambulisho cha NIDA, hata kwa herufi, peleka suala hilo kwa wakili mapema.

Ridhaa ya mwenzi ndiyo inayoangusha mauzo mengi. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke, hata kama hati ina jina moja tu. Ridhaa iandikwe na kusainiwa mbele ya wakili. Nyumba ya urithi inahitaji zaidi: msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo kikao cha ukoo peke yake. Muhtasari wa kikao husaidia kumpata msimamizi, lakini haumpi mtoto mkubwa mamlaka ya kuuza. Familia isiyofungua mirathi mpaka apatikane mnunuzi kwa kawaida humpoteza, maana hana sababu ya kuingoja mahakama wakati nyumba nyingine zipo.

Kama eneo halijapimwa, au una leseni ya makazi tu, elewa kwamba bei yako haiwezi kulingana na ya jirani mwenye hati. Urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwenye maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, ukiwa unaendelea mtaani kwenu, kamilisha sehemu yako kwanza.

Bei inayotajwa na bei inayolipwa

Wauzaji wengi hupanga bei kwa kujumlisha matofali, saruji, nondo na mafundi, kisha wanaongeza faida. Wengine husikia jirani anataka milioni 180, nao wanataja hiyo hiyo. Lakini bei ya jirani ni matumaini yake, na nyumba yake nayo haijauzwa. Kinachohitajika ni bei za mauzo yaliyokamilika ndani ya miezi 12 karibu na hapo. Waulize mawakili na viongozi wa mtaa walioshuhudia mikataba, au mlipe mthamini aliyesajiliwa. Taarifa ya uthamini mara nyingi hutoa thamani mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka. Zijue zote mbili, ila ya pili usimwonyeshe dalali.

Wiki za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa, kwa sababu madalali huwapigia wateja wote walionao. Ukianza na bei ya juu ili "ujaribu soko", wateja hao wataiona nyumba, wataiacha, na hawarudi. Kushusha milioni mbili kila baada ya miezi miwili ni kosa jingine: unawafundisha wanunuzi kusubiri. Shusha mara moja, kwa kiasi kinachogusa kundi jipya. Kutoka milioni 155 hadi 148 unawafikia wenye ukomo wa 150 ambao hawakuwahi kuitazama. Taja bei kwa shilingi. Kanuni za 2025 zinakataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Mwenendo wa wateja nao unasema. Wasipopiga simu kabisa, tatizo ni bei au tangazo. Wakija mara moja wasirudi, kagua nyumba yenyewe. Wakirudi mara ya pili na mwanasheria kisha wakatoweka, ni makaratasi.

Kusubiri kunagharimu kiasi gani

Tuseme nyumba tupu imepata ofa ya milioni 130. Fedha hizo zingewekwa mahali panapolipa asilimia 8 kwa mwaka, zingeleta milioni 10.4. Mlinzi wa 250,000 kwa mwezi anachukua milioni 3. Anayeikataa ofa hiyo leo anahitaji zaidi ya milioni 143 mwaka ujao ndipo awe amefaidika, na hapo hatujagusa rangi wala mabati. Ikiwa na mpangaji wa 500,000 kwa mwezi, mlinzi hahitajiki, na gharama ya kusubiri mwaka inashuka hadi milioni 4.4. Kwa hiyo usiiache tupu bila sababu. Mpe mpangaji mkataba wenye kipengele cha notisi na ruhusa ya wateja kuingia.

Kata pia kodi. Mkazi wa Tanzania hulipa asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua, kujenga na kuuza. Gharama zikiwa milioni 110 na ukauza kwa 130, kodi ni milioni 2. Asiye na vielelezo vya gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, yoyote iliyo kubwa. Hapo ni angalau milioni 3.9. Nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa angalau miaka 3 haitozwi kama faida haizidi milioni 15. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida hubebwa na mnunuzi, lakini mkataba useme hivyo.

Dalali mpe barua inayotaja kamisheni yake na bei moja kwa wote. Bila barua ataongeza cha juu: wewe umesema 130, yeye anatangaza 145, mwenzake 138, na mnunuzi anayeziona bei hizo tofauti mtandaoni anaamini kuna utapeli. Nakala ya hati unayompa iandikwe katikati "kwa upekuzi tu". Hati halisi usimpe.

Kwenye matengenezo, usimwage milioni 15 kwenye vigae vipya, hazirudi. Ziba paa linalovuja, ondoa fangasi ukutani baada ya kuzuia chanzo cha unyevu, fyeka uwanja, tafuta bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) zote na uzionyeshe. Nyumba ikiwa tupu, mimina maji chooni na kwenye masinki kila wiki. Mtego wa maji, yaani maji yanayobaki kwenye kona ya bomba na kuzuia harufu, ukikauka, harufu ya shimo huingia ndani, na mteja huiamini pua yake kuliko maelezo yako.

Soko likilala, wanunuzi huomba kulipa kwa awamu. Inawezekana, kwa masharti: tarehe za kila malipo, adhabu ya kuchelewa, hati kushikwa na wakili, na funguo kutolewa baada ya malipo ya mwisho. Mnunuzi aliyelipa asilimia 30 na kuhamia ni mgumu sana kumtoa. Usikubali picha ya risiti ya benki. Thibitisha salio kwenye akaunti yako.

Mwenye deni la benki asingoje mnada. Akishapokea notisi ya kushindwa kulipa, sheria inampa siku 60. Aombe benki barua ya salio na ruhusa ya kuuza mwenyewe, mnunuzi alipe kiasi cha deni moja kwa moja benki, na benki iondoe rehani ili hati ihamishwe.

Siku ya kukabidhi nyumba, andikeni namba ya mita ya LUKU na ya maji pamoja na usomaji wake, wote wawili msaini. Baki na nakala za fomu za uhamisho zenye mhuri wa kupokelewa. Mpaka usajili ukamilike, madai ya pango la ardhi yataendelea kutoka kwa jina lako.