Utapimaje kitu ambacho hakikutokea?

Swali ninaloulizwa sana kliniki na wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, ni hili: "Daktari, miezi minane siumwi viungo, uso umesafika. Hiki kidonge cha nini tena?" Ni haidroksiklorokwini, ndugu yake ile klorokwini ya malaria iliyowawasha wazee wetu mwili mzima. Nami huwa sina cha kumwonyesha, maana dawa ya kuzuia lupasi isicharuke ikifanya kazi yake, hakuna kinachotokea.

Watafiti wa Kanada walipata njia. Waliwachukua wagonjwa 47 waliokuwa wametulia kwa dawa hiyo, wakawagawa kwa bahati nasibu: 25 wakaendelea nayo, 22 wakapewa vidonge vya kufanana navyo, visivyo na dawa ndani. Mgonjwa hakujua anameza nini, wala daktari wake. Katika wiki 24, ugonjwa uliwacharukia 9 kati ya wale 25, na 16 kati ya wale 22. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991, na wagonjwa wangu wengi huridhika nikiwachorea hesabu hiyo kwenye karatasi.

Lakini wale 9 dawa waliimeza, na bado. Ndiyo maana tunatafuta mpya, na huko kazi ni ngumu zaidi. Huwezi kumwacha mtu bila tiba kwa ajili ya utafiti, kwa hiyo kila mshiriki huendelea na dawa zake, mara nyingi prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, ikiwemo. Basi hata aliyetundikiwa dripu isiyo na dawa mpya hupata nafuu, na tofauti inakuwa ndogo.

Halafu kuna kipimo chenyewe. Anifrolumabu, mojawapo ya dawa hizo mpya, ilifeli jaribio kubwa la kwanza, TULIP-1, kwa kipimo cha nafuu kiitwacho SRI-4. Katika jaribio lililofuata, TULIP-2, watafiti waliweka kipimo kingine cha nafuu, BICLA, kuwa kipimo kikuu, kabla hawajajua nani alipewa nini: waliopata nafuu ni asilimia 47.8 kwa dawa, 31.5 bila dawa. Wapo walionung'unika kwamba mtihani umebadilishwa ili mwanafunzi afaulu. Mimi simo. SRI-4 hutegemea alama za SLEDAI, orodha ya dalili za lupasi, na humo upele ama upo ama haupo. Ukipungua kutoka uso mzima hadi shavu moja, hupunguziwi hata alama moja. BICLA huhesabu nafuu ya namna hiyo. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2021.

Nina mgonjwa ambaye mwaka huu ameanza tena kupiga picha kwenye harusi za nduguze, akigeuza upande wa kushoto. Kwa SLEDAI, alama zake za upele ni zilezile za mwaka jana.