Maumivu yasiyosikia dawa, na dawa zinazoficha maumivu

Saa 11 alfajiri, tukipima joto na presha kabla ya kukabidhiana zamu, kijana mmoja aliyevunjika mguu chini ya goti alinishika mkono akaniambia, "Sista, sindano mliyonichoma ni maji." Alikuwa ameanguka na pikipiki jioni iliyotangulia. Alishafungwa plasta ngumu, ile ambayo mtaani tunaiita muhogo, na alishachomwa dawa kali ya maumivu mara mbili. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyevunjika mahali palepale, alikuwa amelala fofofo.

Nilifunua shuka nikatazama vidole. Vilikuwa vimevimba, ngozi inang'aa. Nikabonyeza ukucha wa kidole gumba ukawa mweupe, nikauachia. Rangi ikarudi, ila taratibu. Kisha nikakishika kidole chenyewe na kukinyoosha kidogo tu kuelekea juu. Ukelele alioutoa uliamsha wodi nzima.

Sikumwongezea sindano. Nilimwita daktari, plasta ikapasuliwa kwa urefu wake wote mpaka kwenye pamba ya ndani, na kabla ya saa 2 asubuhi kijana alikuwa chumba cha upasuaji. Mguu wake uko salama.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu katika wodi ya mifupa hakuna jambo ninalotamani ndugu wa mgonjwa walijue kuliko hili. Misuli ya mguu na ya mkono haikai ovyo ndani ya ngozi. Imefungwa katika mifuko ya utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, damu na uvimbe hujaa ndani ya mifuko hiyo, na plasta au bandeji iliyokazwa huubana uvimbe zaidi kwa nje. Shinikizo likipanda sana, mishipa midogo ya damu hubanwa na misuli hukosa hewa safi. Baada ya saa 6 hivi, misuli huanza kufa, na ikishakufa hairudi. Mwaka 1881 daktari wa Ujerumani, Richard von Volkmann, alieleza jinsi mikono ya wagonjwa ilivyokakamaa na kujikunja kama makucha baada ya kufungwa bandeji kali. Zaidi ya miaka 140 baadaye bado tunaipokea mikono ya namna hiyo, mingi ya watoto.

Dalili ya kwanza ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi badala ya kupungua, na yasiyotulizwa na dawa ambayo wengine inawatuliza. Ganzi hufuata, kisha vidole hushindwa kujongea. Rangi kupauka na ubaridi huja mwishoni, wakati mwingine mambo yakiwa yameshaharibika. Usidanganyike kwa sababu mapigo ya mshipa bado yanasikika; yanaweza kuendelea kusikika huku misuli inakufa. Mgonjwa wa namna hii hapewi kidonge cha pili ili alale mpaka kukuche. Anarudishwa hospitali usiku huohuo, hata kama kadi yake inasema arudi baada ya wiki 2.

Wengi wa wanaofungwa plasta huenda nyumbani siku ileile, kwa hiyo uuguzi wenyewe hufanywa na mama, mke, kaka au jirani. Plasta ya jasi huonekana imekauka ndani ya dakika chache, lakini kwa ndani huchukua siku 2 hadi 3 kukauka kabisa. Katika muda huo inyanyuliwe kwa viganja, siyo kwa ncha za vidole, maana ncha za vidole huacha mabonde yanayokuja kugandamiza ngozi na kuzua kidonda ndani. Kwa siku 2 za mwanzo kiungo kiwekwe juu ya mito, juu kuliko kifua, ili uvimbe ushuke. Hapo pana jambo ambalo hata wauguzi wachanga hulikosea: ukishaona zile dalili za hatari, usiendelee kukipandisha kiungo. Kiweke usawa wa moyo, kwa sababu ukikiinua damu itapata shida zaidi kupanda kwenye misuli ambayo tayari inaikosa.

Plasta ikiwasha, usichokonoe kwa waya, spoku ya baiskeli wala mpini wa mwiko. Nimeshapasua plasta nikakuta kifuniko cha kalamu kimezama kwenye nyama ya mtoto wa miaka 8. Harufu mbaya, unyevu unaojitokeza juu ya plasta, au homa inayoanza siku kadhaa baadaye vinatosha kukurudisha hospitali. Vidole vilivyo nje ya plasta vichezeshwe kila saa mgonjwa anapokuwa macho. Anayetembelea magongo aweke uzito kwenye viganja, siyo kwapani, maana mishipa ya fahamu inayopita kwapani ikigandamizwa kwa muda mrefu mkono hulegea.

Kwa aliyelala kitandani bila kugeuka, kama bibi aliyevunjika nyonga, adui wa kwanza ni godoro. Ageuzwe kila baada ya saa 2. Ngozi ya mgongo wa chini, makalio na visigino itazamwe kila siku, na palipobadilika rangi pasisuguliwe, paondolewe uzito. Shavu la mguu likivimba na kuuma upande mmoja, au mgonjwa akianza kukosa pumzi ghafla, kuna uwezekano wa damu kuganda mshipani, na hilo halisubiri kesho.

Kuhusu wazee wanaounga mifupa kienyeji, ninawaheshimu, na najua kwa nini watu huwaendea: wako karibu, wanalipwa kidogo kidogo na wanasikiliza. Ombi langu kwao na kwa wanaowaendea ni moja. Vijiti visikazwe kiasi cha vidole kufa ganzi. Na mfupa uliotoboa ngozi usiunganishwe nyumbani. Usiurudishe ndani, usipake samadi, majivu wala udongo. Funika kwa kitambaa safi, mkimbize hospitali akapate antibayotiki na chanjo ya pepopunda mapema iwezekanavyo.

Sasa nije kwenye upande wa pili, ambako dawa inafanya kazi vizuri mpaka inaficha ugonjwa.

Mama mmoja wa miaka sitini na ushei aliletwa kliniki na binti yake kwa ajili ya magoti. Nilipomwuliza dawa anazotumia alifungua pindo la khanga akamwaga mezani: losatani na haidroklorothiazaidi za presha, na kanda ya diklofenaki, dawa ya maumivu, iliyobaki vidonge 3. Diklofenaki alikuwa akinunua duka la dawa mwenyewe, asubuhi na jioni, mwaka wa pili huo. Kliniki ya presha alikokuwa akihudhuria walishamwongezea dozi mara kadhaa kwa kuwa presha haikushuka. Hakuna aliyemwuliza kuhusu goti, naye hakuona sababu ya kulitaja, kwa kuwa alienda kwa ajili ya presha. Vipimo vilipotoka, figo zilikuwa zimeanza kushindwa.

Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu na piroksikamu ni ndugu wa ukoo mmoja. Hupunguza maumivu kwa kuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huleta uvimbe na uchungu penye jeraha. Shida ni kwamba kemikali hizohizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo usiliwe na asidi, na ndizo zinazoifungua mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Ukizizima gotini, umezizima na tumboni na kwenye figo. Ndiyo maana dawa hizi huleta vidonda vya tumbo vinavyoweza kuvuja damu, hupandisha presha na kuulemea moyo uliochoka. Zikikutana mwilini na dawa ya presha ya kundi la losatani au enalaprili, pamoja na ya kukojoza kama haidroklorothiazaidi, figo hupigwa kutoka pande tatu.

Wengi huniambia, "Basi nichome sindano, nisiharibu tumbo." Sindano haikwepeshi tumbo. Madhara makubwa hupitia kwenye damu, na dawa iliyochomwa kalioni inaingia kwenye damu ileile. Zaidi ya hapo, sindano ikichomwa vibaya inaweza kugusa mshipa mkuu wa fahamu wa mguu na kumwachia mtu unyayo unaoburuzika. Kwa goti linalouma, jeli ya diklofenaki ya kupaka husaidia wengi, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo.

Kama umeandikiwa vidonge hivi, vitumie kwa dozi ndogo inayokutosha na kwa siku chache iwezekanavyo, baada ya chakula. Usichanganye viwili vya ukoo mmoja. Mwenye figo mbovu, vidonda vya tumbo, moyo dhaifu, anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, au mwenye pumu inayochochewa na aspirini aseme kabla ya kupewa. Mjamzito asivitumie bila daktari, hasa kuanzia wiki ya 20, kwa sababu vinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto. Ukiona choo cheusi kama lami, acha dawa, nenda hospitali.

Parasetamoli ina upole zaidi kwa tumbo na figo, ila nayo ina mpaka. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, akihesabu pia iliyofichwa ndani ya dawa za mafua. Ikizidi huua ini. Tramadoli husaidia maumivu makali baada ya upasuaji, lakini huleta kizunguzungu, hufunga choo na hujenga utegemezi. Isiazimwe kwa jirani.

Kuna dawa nyingine inayonitisha kuliko hizo zote, vile vidonge visivyo na jina, vilivyofungwa kwenye kipande cha karatasi, au "mitishamba" inayomfanya mzee aliyekuwa hainuki acheze ngoma siku ya pili. Uponyaji wa haraka hivyo mara nyingi una prednisoloni au deksamethasoni ndani yake. Hizo ni steroidi, na ni dawa nzuri mikononi mwa daktari. Zikitumiwa miezi bila kipimo, uso huvimba na kuwa duara, sukari hupanda, mifupa hupoteza madini na kuvunjika kwa kujikwaa tu, na kichwa cha mfupa wa paja huweza kufa. Hata kuziacha ghafla ni hatari, kwa kuwa mwili unakuwa umesahau kutengeneza za kwake. Ukiwa umezitumia kwa muda, mweleze daktari akushushe polepole.

Nirudi kwa yule mama. Tulimwachisha diklofenaki, tukampa parasetamoli na jeli, akaanza mazoezi. Akaniuliza kama aongeze bamia ili ute wa magoti urudi. Swali hili naulizwa karibu kila wiki. Bamia ni mboga nzuri, uile kwa raha zako, lakini ute wake husagwa tumboni kama chakula kingine, hauendi gotini. Kinacholika kwenye goti la umri ule ni gegedu, ile nyama ngumu yenye uso laini inayofunika ncha za mifupa, na hakuna mboga wala unga wa bei kubwa unaoioteshea upya. Kinacholisaidia goti ni misuli ya paja. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele yako mpaka goti linyooke kabisa, hesabu mpaka 10, ushushe, rudia mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Na kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua.

Siyo kila kiungo kinachouma ni uzee. Kidole gumba cha mguu kinachowaka usiku wa manane hata shuka haliguswi, mara nyingi ni jongo, yaani gauti. Alopurinoli hushusha asidi ya yuriki inayoisababisha, lakini huanzishwa kwa dozi ndogo na kutumiwa kwa muda mrefu. Haitulizi shambulio la usiku ule. Ukitokwa na vipele au vidonda mdomoni baada ya kuianza, iache na urudi mara moja. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga mguu anaweza kuwa na usaha ndani ya mfupa, na mtoto mwenye selimundu yuko hatarini zaidi. Tiba yake ni antibayotiki za wiki kadhaa, siyo za siku 5. Mgongo unaouma wiki kwa wiki pamoja na jasho la usiku na kukonda upimwe kifua kikuu, ambacho huingia kwenye pingili za mgongo bila kikohozi chochote. Dawa zake huchukua miezi 9 hadi 12. Wote hawa nimewaona wakifika wamechelewa, mfukoni wana kanda za vidonge vya maumivu vilivyokuwa vinawapa nafuu ya saa chache.

Wapo pia wenye viungo vinavyovimba mikono yote miwili, vinavyokakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa moja. Huo ni ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo, na dawa yake kuu, methotreksati, humezwa mara moja tu kwa wiki, pamoja na foliki asidi siku nyingine. Anayeimeza kila siku kwa mazoea ya vidonge vingine huharibu uboho, na wapo waliokufa kwa kosa hilo. Ninapomkabidhi mgonjwa boksi lake humwuliza ni siku gani ya wiki hawezi kuisahau. Wengi husema Ijumaa au Jumapili. Naiandika siku hiyo kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi, namwambia aisome kwa sauti, kisha namwita aliyemsindikiza naye aisome.