Kuganda kwa programu: maana yake na namna ya kutafuta chanzo chake

Katika utengenezaji wa programu za kompyuta za mezani, tunasema programu imeganda pale ambapo bado imo katika kumbukumbu ya kompyuta, dirisha lake bado linaonekana kwenye skrini, lakini haiitikii tena kipanya wala kibodi. Mtumiaji akibofya kitufe, hakuna kinachotokea. Katika mifumo endeshi ya zamani (mfumo endeshi ni programu kuu inayoendesha kompyuta, kama vile Windows), alipofunika dirisha hilo kwa dirisha jingine kisha akalifunua, alikuta sehemu iliyofunikwa imebaki nyeupe. Na baada ya sekunde chache mfumo endeshi wenyewe hutangaza kwamba programu haijibu. Hali hii inatofautiana na kuanguka kwa programu, ambapo programu hufungwa ghafla na kutoweka, na inatofautiana pia na kosa la mantiki, ambapo programu huitikia vizuri kabisa lakini hutoa jibu lisilo sahihi.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa anayetafuta chanzo cha tatizo. Programu iliyoanguka kwa kawaida huacha alama: jina la kosa, na mara nyingi mstari wa msimbo (maagizo yaliyoandikwa na mwandishi wa programu) lilipotokea. Programu iliyoganda kwa kawaida haiachi alama kama hiyo, kwa sababu kwa upande wake hakuna kosa lolote. Inatekeleza maagizo yale yale iliyopewa na mwandishi wake, au inangoja kitu alichoiambia ingoje, isipokuwa inafanya hivyo katika uzi ambao haukupaswa kushughulishwa na jambo jingine lolote. Ndiyo maana maana ya kuganda haiwezi kuelezwa bila kueleza kwanza uzi huo.

Uzi ni mfululizo mmoja wa maagizo unaotekelezwa hatua kwa hatua, na programu moja inaweza kuendesha nyuzi nyingi kwa wakati mmoja. Hata hivyo, karibu zana zote zinazotumika kutengenezea madirisha, ziwe Windows Forms au WPF, Swing ya Java, Qt, Tkinter ya Python au zile za macOS, zimejengwa juu ya kanuni moja: uzi mmoja tu ndio unaoruhusiwa kuchora dirisha na kubadilisha vilivyomo ndani yake. Huo huitwa uzi mkuu. Kanuni hii imewekwa kwa makusudi, kwani kama kila uzi ungeruhusiwa kugusa vitufe na orodha utakavyo, ingelazimu kila kitufe na kila orodha viwe na kufuli lake, yaani kizuizi kinachoruhusu uzi mmoja tu kuvigusa kwa wakati mmoja, na kufuli nyingi kiasi hicho zingepunguza kasi na kuzaa makosa magumu kuliko yale zilizokusudiwa kuyazuia.

Uzi mkuu hutumia maisha yake yote katika kitanzi kimoja. Huchukua ujumbe mmoja kutoka kwenye foleni, huupeleka kwa kipande cha msimbo kinachohusika, hungoja kipande hicho kimalize, kisha hurudi kuchukua ujumbe unaofuata. Kila jambo linalohusu dirisha hupita katika foleni hiyo: kubofya, herufi iliyobonyezwa, saa ya ndani iliyofikia muda wake, na hata ombi la kuchora upya sehemu ya dirisha. Sasa weupe ule niliotaja hapo juu unaeleweka. Ombi la kuchora limo kwenye foleni, lakini uzi unaopaswa kulichukua haujarudi, kwa kuwa kipande cha msimbo ulichokiita bado hakijamaliza.

Windows huhesabu kuwa dirisha limeganda pale ambapo uzi wake haujachukua ujumbe kwa sekunde 5. Tangu Windows XP, muda huo ukipita na mtumiaji akijaribu kulitumia dirisha, mfumo endeshi hulificha na kuweka mahali pake nakala iliyofifia ambayo mtu anaweza kuisogeza au kuifunga. Kwa hiyo dirisha lililopauka ambalo mtumiaji anahangaika nalo si la programu tena. Ni la Windows. Huo ulikuwa msaada mkubwa ukilinganisha na zamani. Katika Windows 3.1, programu zilipeana zamu kwa hiari, na programu moja iliyokataa kuachia zamu yake iliweza kuzuia programu nyingine zote, hadi mara nyingi ikawa hakuna la kufanya ila kuwasha kompyuta upya. Mazoea ya kuzima kompyuta kila kitu kinapokwama yalikuwa na sababu ya kweli wakati huo.

Hizo sekunde 5, lakini, ni kipimo cha mfumo endeshi na wala si cha binadamu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, alieleza mwaka 1993 mipaka ambayo ingali inafaa kufuatwa: ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu huona kwamba kompyuta imeitikia papo hapo, ndani ya sekunde 1 mawazo yake hayakatiki ingawa anauona ucheleweshaji, na zikipita sekunde 10 huacha kusubiri na kugeukia jambo jingine. Mwandishi wa programu anayeona sekunde 3 za kukwama kuwa ni jambo dogo kwa kuwa Windows haijalalamika, anampima mtumiaji kwa kipimo kisichomhusu.

Tukija kwenye kutafuta chanzo, swali la kwanza ni moja: je, wakati programu imeganda, kichakato (CPU) kinafanya kazi au kimetulia? Jibu linapatikana bila kugusa msimbo, kwa kufungua dirisha la mfumo endeshi linaloonyesha matumizi ya kichakato (katika Windows ni Task Manager) na kutazama mstari wa programu husika. Hapa pana mtego unaowakamata wengi. Kwenye kompyuta ya Windows yenye vichakato 4 vya kimantiki, yaani inayoweza kutekeleza nyuzi 4 kwa wakati mmoja, uzi mmoja unaofanya kazi bila kupumzika huonekana kama asilimia 25 tu, na kwenye kompyuta yenye 8 huonekana kama asilimia 12 au 13. Mtu anayetarajia kuona 100 hutazama 13 akaamua kwamba programu haifanyi kitu, kumbe uzi mkuu unakimbia kwa nguvu zake zote.

Ikiwa kichakato kinafanya kazi, uzi mkuu unakokotoa jambo refu au umenaswa katika kitanzi kisicho na mwisho. Ikiwa kimetulia karibu na sifuri, uzi mkuu unangoja: diski, seva isiyojibu, kufuli lililoshikwa na uzi mwingine, au kisanduku cha ujumbe kilichofunguka nyuma ya dirisha ambacho mtumiaji hakioni. Makundi haya mawili yana tiba tofauti kabisa, na kuyachanganya ndiko kunakowapotezea watu siku nzima.

Swali la pili ni: uzi mkuu uko wapi sasa hivi? Endesha programu ndani ya zana ya kusaka hitilafu (debugger), subiri igande, kisha isimamishe na usome orodha ya miito ya uzi mkuu, yaani funksheni (kipande cha msimbo chenye jina lake) ipi imeita ipi hadi kufikia hapo ilipo. Kwa Java, zana ya jstack hutoa orodha ya nyuzi zote bila kusimamisha programu kwa muda mrefu, na uzi unaoutafuta huonekana kwa jina la AWT-EventQueue-0. Jambo ninalolisisitiza ni kurudia: simamisha, soma, endeleza, na ufanye hivyo mara tano au sita. Ukisoma mara moja unaweza kuangukia mahali pa kupita tu. Funksheni inayojitokeza mara zote sita ndiyo inayokula muda.

Tuchukue mfano mmoja kwa karibu. Programu inasoma faili la maandishi na kuonyesha kila mstari katika orodha iliyomo dirishani. Mwandishi ameijaribu kwa faili la mistari 50, na ilifunguka mara moja. Mtumiaji analeta faili la mistari 200,000, anabofya kitufe cha kufungua, na dirisha linaganda. Wazo linalomjia kila mtu ni kwamba kusoma faili ndiko kuzito, hivyo usomaji uhamishiwe kwenye uzi mwingine. Mwandishi akifanya hivyo, akaacha kila mstari urudishwe kwenye uzi mkuu ili uongezwe katika orodha, programu itaendelea kuganda kama mwanzo, na pengine zaidi. Akiisimamisha mara sita na kusoma orodha ya miito, atakuta kwamba uzi mkuu haumo katika usomaji hata mara moja. Umo katika kuchora, kwa sababu orodha inajichora upya kila mstari mmoja unapoongezwa. Tiba hapa ni kuiambia orodha isijichore hadi mistari yote iingie, kazi ambayo katika Windows Forms hufanywa na BeginUpdate na EndUpdate, au bora zaidi kutumia orodha inayoomba mistari ile michache tu inayoonekana kwenye skrini.

Kungoja nako kuna sura yake mbaya kuliko zote, nayo ni nyuzi mbili kungojeana. Uzi mkuu umeanzisha uzi wa kazi kisha ukasema: sitaendelea hadi umalize. Uzi wa kazi unakaribia kumaliza, na kabla ya kumaliza unataka kuandika neno "tayari" kwenye dirisha, kwa hiyo unaomba uzi mkuu uandike na unasubiri ombi hilo litekelezwe. Uzi mkuu hauwezi kulitekeleza kwa kuwa umesimama ukingoja. Uzi wa kazi hauwezi kumaliza kwa kuwa ombi lake halijatekelezwa. Kichakato kiko sifuri na hakuna muda utakaoitoa programu hapo. Waandishi wa lugha ya C# hukutana na sura ile ile wanapoita Result au Wait, ambazo husimamisha uzi hadi kazi iishe, ndani ya uzi mkuu juu ya kazi iliyoandikwa kwa async na await, maneno ya lugha hiyo yanayoiwezesha kazi kungoja bila kuushika uzi, kwani sehemu ya mwisho ya kazi hiyo kwa kawaida inataka kurudi kwenye uzi ule ule uliofungwa. Ukiona kichakato kimetulia na orodha ya miito inaishia kwenye funksheni ya kungoja, acha kutafuta kasi. Tafuta nani anashikilia kile kinachongojwa.

Pale ambapo kazi yenyewe ni nzito kweli, huhamishwa kutoka uzi mkuu na matokeo yake kurudishwa kupitia mlango uliowekwa. Kila zana ina mlango wake: .NET, jukwaa la Microsoft ambalo Windows Forms na WPF ni sehemu yake, ilileta BackgroundWorker mwaka 2005, na async na await zikafuata katika C# mwaka 2012. Java iliingiza SwingWorker katika toleo la 6. Qt hutumia ishara zinazovuka kutoka uzi hadi uzi. Katika Tkinter, njia iliyo salama ni uzi wa kazi kuweka matokeo katika foleni, na uzi mkuu kuichungulia kila baada ya muda mfupi kwa kutumia funksheni ya after. Anayepita pembeni ya mlango huo, akaandika moja kwa moja kwenye kitufe kutoka uzi mwingine, hukutana na matokeo yanayotegemea zana. Windows Forms, programu ikiendeshwa ndani ya zana ya kusaka hitilafu, humkatalia papo hapo kwa kutoa kosa. Swing mara nyingi hunyamaza, na kosa hujitokeza siku nyingine kama maandishi yaliyovurugika au orodha iliyopungukiwa mistari. Kwangu mimi, zana inayokataa mapema ndiyo inayomtendea mwandishi wema.

Kuna njia ya mkato ambayo naomba msomaji aiepuke, nayo ni kuuambia uzi mkuu, katikati ya kazi ndefu, uchukue ujumbe uliopo kwenye foleni kisha urudi kuendelea. Katika Visual Basic na Windows Forms njia hiyo inaitwa DoEvents. Dirisha huitikia tena kweli, lakini pamoja na maombi ya kuchora, uzi huchukua pia mibofyo. Mtumiaji aliyechoka kusubiri anabofya "Hifadhi" mara ya pili, na kazi ya kuhifadhi inaanza upya ndani ya ile ambayo haijaisha. Rekodi inaandikwa mara mbili, na hakuna kosa lolote linaloonyeshwa.

Taarifa za maendeleo nazo zinahitaji kiasi. Uzi wa kazi unaotuma ujumbe kwa kila mstari kati ya mistari 200,000 huujaza uzi mkuu maombi ya kusogeza upau wa maendeleo, na dirisha huganda tena ingawa kazi iko kwingine. Katika Windows, foleni ya uzi mmoja kwa kawaida hupokea ujumbe 10,000 uliotumwa bila kusubiri jibu, na zaidi ya hapo utumaji hushindwa. Taarifa kumi kwa sekunde zinalitosha jicho la mtu yeyote.

Kinachobaki ni kuganda kunakotokea kwa mtumiaji na kukataa kutokea kwa mwandishi. Hapo husaidia uzi mdogo wa ulinzi ndani ya programu yenyewe: kila sekunde moja unatuma ujumbe mtupu kwa uzi mkuu, na usipojibiwa ndani ya sekunde 5 unaandika kwenye faili saa ya tukio na, pale ambapo lugha inaruhusu kama Java inavyoruhusu, orodha ya miito ya nyuzi zote. Kama programu haina ulinzi huo, mtumiaji wa Windows anaweza kuelekezwa afungue orodha ya programu zinazoendeshwa (Task Manager), abofye kulia jina la programu iliyoganda na kuchagua kutengeneza faili la picha ya kumbukumbu kabla hajaifunga. Faili hilo linaweza kuwa kubwa, na linaweza kubeba taarifa binafsi zilizokuwa dirishani wakati huo, kwa hiyo aombwe ridhaa yake kabla ya kulituma.